GRIP: KISIWA KILICHOKUWA NA MADIWANI WAKE

Wasomaji wangu, leo nawapeleka mbali, hadi nchi ya Norwei, kwenye funguvisiwa liitwalo Grip. Liko katika bahari wazi, mwendo wa kilomita 14 hivi kutoka mji wa Kristiansund. Visiwa na miamba yake ni 82, lakini ukiikusanya nchi kavu yote haifiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba. Penye kilima chake hapazidi mita chache juu ya maji. Na mahali hapo padogo palikuwa manispaa kamili, yenye madiwani wake, kwa muda wa miaka 67.

Huenda mtu akauliza: watu walifuata nini pale? Hakuna shamba, kwa kuwa udongo ni haba na upepo haumwachi mti kusimama. Jawabu ni samaki. Majira ya baridi samaki aitwaye torsk huja kwa makundi makubwa kuzaa karibu na pwani ile, na mvuvi wa zamani, ambaye chombo chake kilikuwa cha makasia na tanga, hakuwa na budi kulala karibu na samaki wake. Katika msimu huo wageni walimiminika hata kisiwa kikajaa pomoni. Samaki waliovuliwa walitiwa chumvi na kukaushwa, kama sisi tufanyavyo ng'onda, na Kristiansund ikatajirika kwa kuwauza Hispania na Ureno.

Lakini utajiri huo haukulala Grip. Kwa miaka mingi kisiwa kilikuwa mali ya wafanyabiashara waliokaa kwingine, na mvuvi alijenga nyumba yake juu ya jabali lisilo lake. Juu ya hayo ilikuwako bahari yenyewe. Dhoruba ya mwaka 1796 ilizoa nyumba nyingi mno. Kanisa lao la mbao, ambalo asili yake ni yapata mwaka 1470, limejengwa pale palipoinuka, nalo likasalimika. Mawimbi yalipopanda, huko ndiko watu walikokimbilia na watoto wao. Mwaka 1888 ulisimamishwa karibu na hapo mnara wa taa wenye urefu wa mita 44 hivi, ili mabaharia wasiangamie kwenye miamba ile.

Sasa tuje kwenye utawala. Mwaka 1837 Norwei ilitunga sheria iliyowapa watu wa kila mahali haki ya kuchagua mabaraza yao. Grip kwanza ilitawaliwa pamoja na majirani. Tarehe 1 Januari 1897 ikatengwa, ikawa manispaa peke yake, na watu wake walikuwa wapata mia mbili tu. Katika Norwei nzima haikuwako manispaa ndogo kuliko hiyo, si kwa eneo wala kwa idadi ya watu. Hebu fikirini maana yake. Mvuvi aliyezoea kuamuliwa mambo yake na tajiri wa ng'ambo sasa aliweza kuketi barazani na jirani zake na kuamua mambo ya kisiwa chake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mawazo yalibadilika. Mwaka 1946 serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Nikolai Schei kuchunguza mipaka ya manispaa. Hoja yake ilikuwa nzito: manispaa ndogo haina uwezo wa kubeba shule, barabara na huduma nyingine ambazo raia wa siku hizi anazidai. Manispaa zilizokuwa zaidi ya 740 ziliunganishwa, na kufikia mwaka 1967 zikabaki 454. Zamu ya Grip ilifika tarehe 1 Januari 1964. Ikatiwa chini ya Kristiansund ikiwa na watu 104. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, hakuwako tena mtu aliyeishi pale mwaka mzima.

Wako watakaosema kwamba ni kuvunjwa kwa baraza kulikokiua kisiwa. Mimi sikubali kwa urahisi hivyo. Watu walikuwa wakipungua hata madiwani walipokuwa bado vitini. Kilichowaondoa zaidi ni injini. Chombo cha mota chaweza kutoka mjini, kikafika penye samaki na kurudi, na chombo kikubwa hakipati nafasi katika bandari ndogo ya Grip. Faida ya kulala juu ya jabali ikatoweka, yakabaki mashaka yake. Diwani gani angeweza kupitisha azimio la kuzuia injini?

Hata hivyo, simwungi mkono anayesema kwamba hakuna kilichopotea. Watu mia moja ndani ya manispaa yao ni wenyeji, na neno lao ndilo la mwisho. Watu hao hao ndani ya mji wa maelfu ni kura chache tu. Baada ya mwaka 1964, habari ya gati au shule ya Grip iliamuliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kulala usiku mmoja wakisikiliza mawimbi yakipiga ukuta wa nyumba. Huenda uamuzi wao ulikuwa wa haki na hesabu zao sahihi, lakini hesabu ya mkazi si sawa na hesabu ya jirani.

Nyumba za Grip hazikuachwa zioze. Wenye nazo huzitunza na kwenda kukaa humo wakati wa kiangazi, na boti huwapeleka wageni kutoka Kristiansund kulitazama lile kanisa la kale. Jambo hilo ni la kushukuru. Lakini kisiwa huishi majira ya baridi, wakati mgeni hayupo na mwenyeji yupo. Serikali yaweza kufuta mpaka kwa siku moja, na pengine ina sababu njema. Ila kabla ya kuufuta, na iwaulize kwanza wale wanaobaki kisiwani dhoruba inapovuma.