Mfadhili Akijiondoa

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, kampasi ya Solbosch ya chuo kikuu cha ULB jijini Brussels hufurika maelfu ya watu waliobeba kompyuta zilizojaa stika. Wamekuja FOSDEM, mkutano wa waundaji wa programu huria ulioanza mwaka 2001. Hakuna kiingilio wala kujiandikisha. Anayefika huingia na kutafuta kiti. Kazi hufanywa na watu wa kujitolea, na gharama hutoka kwenye michango na udhamini wa makampuni.

Programu zinazozungumzwa pale nazo huishi hivyo hivyo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Simu za Android, kwa mfano, hutegemea kiini cha Linux, ambacho ni programu huria. DHIS2, mfumo huria uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, hukusanya takwimu za vituo vya afya Kenya na Tanzania. Mtumiaji halipi leseni, lakini kuna seva za kulipiwa, na kuna watu wanaokesha wakiziba mianya ya usalama.

Januari 2025, siku chache kabla ya FOSDEM ya mwaka huo, miradi miwili ilipiga mbiu ya kuomba msaada. Wa kwanza ni Alpine Linux, mfumo mwepesi unaoendesha huduma nyingi za intaneti kwa sababu toleo lake la kontena (kifurushi cha kuendeshea programu kwenye seva) halifiki hata megabaiti 10. Wa pili ni freedesktop.org, makao ya miradi inayowezesha kompyuta za Linux kuonyesha picha na kutoa sauti. Yote miwili ilikuwa ikitumia bure seva za kampuni ya Equinix. Kampuni hiyo ilikuwa imeamua kuifunga huduma yake ya kukodisha seva, na udhamini ukafungwa pamoja nayo.

Kwa Alpine, kupoteza seva kulimaanisha mambo mahususi. Juu yake ndipo vifurushi vya programu viliposambazwa kwenda duniani kote, na ndipo kila badiliko la msimbo lilipojaribiwa kabla ya kukubaliwa. Freedesktop.org ilihamia kwenye seva za kampuni ya Kijerumani ya Hetzner, safari hii kwa kulipa. Machi 2025 mafundi wake walilazimika kuzima huduma kwa siku kadhaa ili kuhamisha mzigo wote.

Hakukuwa na uhasama. Makampuni mengi hujiondoa kwa namna hiyo: bidhaa imefungwa, bajeti imekatwa, au meneja aliyeupenda mradi amehama. Aprili mwaka huohuo, maabara ya programu huria ya Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, iliyohifadhi miradi kwa zaidi ya miaka 20, ilitangaza kwamba bila dola 250,000 itafunga milango, kwa kuwa michango ya makampuni ilikuwa imepungua. Fedha zilipatikana, lakini baada ya kelele kubwa.

Tatizo liko hapo. Dunia inazitumia programu hizi kama barabara, lakini inazilipia kama sadaka. Mwaka 2014, dosari ya Heartbleed ilipogunduliwa katika OpenSSL, inayolinda siri za sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilibainika kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka.

Umoja wa Ulaya ulijaribu dawa nyingine: fedha za umma. Kupitia mpango wa Next Generation Internet, Tume ya Ulaya imegharimia miradi midogo kwa ruzuku ambazo taasisi ya NLnet ya Uholanzi huzigawa, mara nyingi kati ya euro 5,000 na 50,000. Mtandao wa kijamii wa Mastodon na jukwaa la video la PeerTube ni miongoni mwa miradi iliyonufaika. Kisha Julai 2024 ikaonekana kwamba rasimu ya mpango wa utafiti wa Umoja huo wa 2025 haikuutaja tena Next Generation Internet. Mashirika mengi yalitia saini barua ya wazi kuupinga uamuzi huo. Kumbe hata serikali hufuta mstari kwenye bajeti.

Ndiyo maana usalama wa mradi hautokani na ukubwa wa mfadhili mmoja. Unatokana na wafadhili wengi, mikataba ya miaka kadhaa, na notisi ndefu ya kutosha kuhama bila kuzima taa. Equinix haikuondoka usiku: ilitoa muda wa kuhama, na muda ule ndio uliowaokoa freedesktop.org.

Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali, itakayotumika kikamilifu kuanzia Desemba 11, 2027, itawadai watengenezaji wachunguze programu huria wanazozitia ndani ya bidhaa zao, na wakikuta dosari wawaarifu wanaozitunza. Haiwalazimishi kuwalipa. Uamuzi wa kulipa umeachwa mikononi mwa makampuni yenyewe, ambayo sasa yatalazimika kujua kwa majina miradi yanayoitegemea.