Bwana William Cooper, Mwenye Duka na Mwenye Ardhi

Wasikilizaji, katika jimbo la New York, huko Marekani, liko ziwa refu na jembamba lililozungukwa na vilima, jina lake Otsego. Katika ncha yake ya kusini ndiko uanziako mto Susquehanna, na papo hapo pana kijiji kiitwacho Cooperstown, yaani Mji wa Cooper. Leo nataka kuwapa habari za huyo Cooper, jinsi alivyopata mali kwa kuwauzia maskini ardhi, na jinsi mali ile ilivyowaponyoka watoto wake.

William Cooper alizaliwa mwaka 1754 katika Pennsylvania, karibu na mji wa Philadelphia. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini, wa dhehebu la Marafiki, lile lenye wafuasi wengi hata magharibi ya Kenya. Elimu yake ilikuwa haba, na maandishi yake yalijaa makosa hata alipokuwa mtu mkubwa. Kazi aliyojifunza kwanza ni kutengeneza magurudumu. Mwaka 1774 alimwoa Elizabeth Fenimore, binti wa mtu mwenye nafasi kuliko yeye, kisha akafungua duka katika mji wa Burlington, New Jersey. Dukani ndiko alikojifunza jambo lililomfaa maisha yake yote: nani akopeshwe, kiasi gani, na kwa muda gani.

Ardhi ya Otsego haikuwa tupu tangu zamani. Ilikuwa nchi ya Wairokwa, wenyeji wa Marekani. Wakati wa vita vya uhuru, mwaka 1779, jeshi la Jenerali James Clinton lilipiga boma kwenye mdomo wa ziwa hata maji yakajaa, kisha likalivunja, mashua zikashuka mtoni kwa nguvu ya maji yale kwenda kupigana na Wairokwa. Vijiji vyao vilichomwa moto pamoja na mahindi yao. Kabla ya vita, mfanya biashara mmoja, George Croghan, alikuwa amejipatia hati ya sehemu kubwa ya nchi hiyo, lakini alikufa mwaka 1782 akiwa na madeni mengi. Cooper na mwenzake Andrew Craig walinunua haki ya deni mojawapo, na mwezi wa Januari 1786 ardhi ikauzwa kwa mnada ili deni lilipwe, nao wakaichukua. Warithi wa Croghan hawakuridhika, na ugomvi juu ya ardhi ile ulidumu miaka mingi.

Cooper alikuwa amekwenda kuitazama nchi hiyo mwaka 1785, peke yake, juu ya farasi. Hapakuwa na njia wala mtu. Alivua samaki kijitoni, akawaoka katika majivu, akalala chini amejifunika koti lake. Mwezi wa Mei 1786 alitangaza kuuza eka 40,000, na katika siku 16 zote zilikuwa zimepata wanunuzi, nao wengi wao walikuwa mafukara.

Waliwezaje kununua? Hapa ndipo ulipo ufundi wake. Matajiri wengi wa bonde la mto Hudson walikuwa hawauzi ardhi. Waliikodisha, na mkulima alilipa ngano na kuku kila mwaka, yeye na watoto wake baada yake. Cooper alimpa mnunuzi hati ya kuimiliki ardhi mara moja, naye akaishika ardhi hiyo hiyo rehani mpaka deni liishe, kwa muda wa miaka. Aliona kwamba mtu hufanya kazi kwa moyo katika shamba lililo lake. Tena hakujiwekea sehemu nzuri akingoja bei ipande, maana alijua kwamba pori lililoachwa katikati ya mashamba huwatenga majirani.

Lakini mwenye hati asipokuwa na chakula, hati haimshibishi. Mwaka 1789 njaa kali iliingia. Zaidi ya jamaa 200 walikuwa pale, na nafaka ilikuwa haba hata mijini. Watu walikula vitunguu vya mwitu. Wengine walikuwa na maji matamu ya miti tu. Cooper alikuwa ameuza ardhi lakini fedha hakuiona, na kama watu wale wangekimbia, yeye naye angefilisika. Ndipo samaki wa baharini walipopanda mto makundi kwa makundi. Watu wakasuka vikapu vya fito, wakawateka, na katika siku zisizotimia 10 kila nyumba ilikuwa na akiba. Cooper akawagawia chumvi, kisha akaiomba serikali ya jimbo, akapewa mahindi.

Baada ya hayo alijenga ghala, akalijaza nafaka iliyonunuliwa mbali. Wakulima walichukua chakula na vyombo kwa deni. Wakalipa kwa vitu viwili vilivyotoka msituni. Cha kwanza ni majivu. Mkulima alikuwa hana budi kukata miti na kuichoma apate kulima. Majivu yalichujwa kwa maji, na maji yale yakachemshwa katika masufuria makubwa ya chuma hata ikabaki chumvi kali, inayofanana na magadi, iliyotakiwa sana na watengenezaji wa sabuni na kioo. Cha pili ni sukari. Katika misitu ile uko mti uitwao mepo, nao hugemwa kama sisi tugemavyo mnazi, na maji yake yakichemshwa huwa sukari. Henry Drinker, tajiri wa Philadelphia, alimkopesha Cooper masufuria, akitumaini kwamba sukari hiyo itachukua mahali pa sukari ya visiwa vya Karibi iliyolimwa na watumwa. Masufuria yaliletwa yakiburuzwa juu ya theluji na barafu. Mwaka wa kwanza Cooper alikusanya mapipa makubwa 43 ya sukari na mapipa 300 ya chumvi ya majivu, yenye thamani ya dola kama 9,000. Tumaini la Drinker halikutimia, lakini majivu yaliendelea kuwalipia wengi madeni.

Kijijini kwenyewe Cooper aligawa viwanja vidogo kwa makusudi. Alitaka mhunzi ahunzi, na fundi viatu ashone, wasiwe nusu mafundi nusu wakulima. Basi chakula wakinunue kwa jirani. Mwaka 1791 alikuwa jaji wa kwanza wa wilaya ya Otsego, na baadaye akachaguliwa mara mbili kuingia katika Baraza Kuu la nchi. Mtu aliyekuwa anamdai karibu kila mpiga kura hakupata tabu kubwa ya kujulikana.

Alikufa mwezi wa Desemba 1809 mjini Albany, na wanawe walidhani wameachiwa utajiri. Kumbe sehemu kubwa ya mali ilikuwa madeni ya watu, na yeye mwenyewe alikuwa na wadeni wake. Bei ya ardhi ikashuka, kesi zikafunguliwa. Hata mwaka 1819 wana wanne walikuwa wamekufa, akabaki mdogo wao, James, na nyumba kubwa ya matofali ya baba yao ikauzwa. James Fenimore Cooper akageukia uandishi. Mwaka 1823 alitoa kitabu chake The Pioneers, ambamo yumo jaji mwenye ardhi kando ya ziwa, na mwaka 1834 aliinunua tena ile nyumba.