Pumziko la Kati katika Mshororo wa Shairi

Pumziko la kati ni mtulio mfupi wa sauti unaougawa mshororo katika vipande viwili, ukwapi na utao. Katika shairi la mizani 16 huangukia baada ya mizani ya 8, palipo na kina cha kati. Neno «kituo» lina utata hapa, kwa kuwa hutumika pia kwa mshororo wa mwisho wa ubeti. Katika mitihani maana hiyo ya pili ndiyo hukusudiwa mara nyingi.

Mfano uliotungwa kwa makala haya:

Wingu la Meru jeusi, huku Njiro laoneka

Kila kipande kina mizani 8 na maneno kamili. Linganisha na huu:

Wingu la Meru laonekana toka huku Njiro

Hesabu ni ileile, 16, lakini mizani ya 8 ni «ne», katikati ya «laonekana». Mghani hana pa kuvuta pumzi ila alivunje neno. Mwalimu anayehesabu kwa vidole tu atautunukia alama zote mshororo uliovunjika kiuno. Katika mfano wa kwanza «laoneka», kwa njia ya inkisari, imeokoa mizani moja.

Mkato ulio katikati ni alama ya pumzi, si ya sarufi. Hapo juu umetenga kiima na kitenzi chake, jambo ambalo katika nathari lingekuwa kosa. Mfasiri asiyelijua hili huikata sentensi moja kuwa mbili, na maana huyumba.

Mkazi wa Njiro aendaye mjini Arusha huuona uwanja wenye jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wengi humkumbuka kwa siasa na kandanda, wachache kwa ushairi. Kitabu chake cha 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilivihesabu vina na mizani kuwa masharti ya shairi, na pumziko la kati ni tunda la masharti hayo.

Utenzi, wenye mishororo ya mizani 8, kwa kawaida hauna pumziko hili. Katika mashairi huru, kama ya Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi* (1974), pumziko halina mahali maalumu: hufuata maana, na mara nyingine mshororo huwa mshata, hoja ikamalizikia katika mshororo unaofuata.