Kimeng'enya cha Malale Mbele ya Eksirei

Wapagazi wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na mbung'o wana sehemu kubwa katika habari hiyo: punda na ng'ombe walikufa njiani kwa nagana, ugonjwa wa vimelea wanaoenezwa na mbung'o. Vimelea vya jamii hiyohiyo humletea binadamu malale. Huko Urambo na Kaliua, warina asali wanaopiga kambi miomboni kwa wiki kadhaa wamo miongoni mwa walio hatarini zaidi.

Kimelea chenyewe, Trypanosoma brucei, hutumia kimeng'enya kiitwacho kathepsini B kuvunjavunja protini kinazojilisha. Kikizuiwa, kimelea hufa. Ugumu ni kwamba sisi nasi tuna kathepsini B yetu, na hizo mbili zinafanana mno. Dawa inayotafutwa lazima iishike moja na kuiacha nyingine, kwa hiyo umbo la kimeng'enya cha kimelea lijulikane atomi kwa atomi.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha umbo hilo. Fuwele za kimeng'enya zilikuzwa ndani ya seli za wadudu, nyembamba kiasi cha elfu moja ya milimita. Eksirei za kawaida zingeziharibu kabla hazijatoa picha ya kufaa. Zikapelekwa California, kwenye leza ya eksirei ya LCLS iliyoanza kazi mwaka 2009. Elektroni huongezwa kasi, kisha hupindishwapindishwa na sumaku hadi zitoe mwali unaodumu makumi ya femtosekunde tu. Katika femtosekunde moja mwanga, ambao hakuna kinachoupita kwa mbio, husafiri chini ya nusu ya unene wa fuwele hizo. Mwali huiangamiza fuwele, lakini picha huwa imeshatoka kabla atomi hazijatawanyika.

Fuwele moja hutoa picha moja, tena ya upande usiojulikana. Zilihitajika picha zaidi ya 170,000, na kuzipanga kwa hesabu hadi umbo litokee ndiyo kazi inayokula miaka ya mwanafunzi wa uzamivu. Kilichoonekana kinasisimua: kipande cha protini hiyohiyo kilikuwa bado kimeziba mdomo wa kimeng'enya, kikionyesha mahali ambapo dawa ingeweza kukaa. Dawa yenyewe bado haijapatikana.



Afrika haina mtambo wa aina hii, na naliona hilo kuwa pengo la aibu kwa bara lenye malale. Hata hivyo, umbo la 2013 limo katika hifadhi ya Protein Data Bank, namba 4HWY, na mwanafunzi wa kemia aliyeko Tabora anaweza kulifungua bure na kulilinganisha na la binadamu. Muda wa kutumia leza nao hautozwi ada kwa utafiti unaochapishwa wazi. Hugawiwa kwa andiko la utafiti, na wataalamu hupima uzito wa swali lililoulizwa.