Kisukari, Moshi na Joto la Jiji

Mgonjwa wa kisukari akifika kliniki Dar es Salaam, swali la kwanza ni chakula: ugali kiasi gani, chai ya sukari au chungu, soda je? Ni nadra kuulizwa kama dirisha lake linatazama kituo cha daladala, au kama jirani huchoma taka kila jioni. Kwa maoni yangu, hilo lingefaa kuulizwa siku ya kwanza.

Moshi wa dizeli, mkaa na plastiki hubeba chembe ndogo mno, zisizozidi mikromita 2.5. Pua haizizuii. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi hupenya kwenye damu. Kinga ya mwili huamka kupambana nazo, na mapambano hayo yasipokoma, misuli na ini huanza kuikaidi insulini. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, mpaka linaelemewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Planetary Health ulikadiria kuwa chembe hizo zilichangia wagonjwa wapya milioni 3.2 duniani mwaka 2016. (Soda haijasamehewa, lakini.)

Joto nalo linazidi kupanda kadiri tabianchi inavyobadilika, na saruji na mabati ya mjini huliongeza. Mwenye sukari ya juu hukojoa sana. Jasho likiongezeka, maji mwilini hupungua na sukari hupanda zaidi. Anayejidunga insulini ana hatari ya upande wa pili: joto hutanua mishipa ya ngozi, dawa hufyonzwa upesi, sukari hushuka. Hutokwa jasho na kutetemeka, na walio karibu husema, "Ni joto tu la Februari."

Joto huiharibu hata dawa yenyewe. Kichupa cha insulini ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa, kwa aina nyingi, huvumilia takriban wiki nne kisipopita nyuzi 25 au 30. Chumba cha bati saa nane mchana huvuka hapo. Wasio na friji hutumia mtungi wenye mchanga mbichi, nao husaidia, ila hupoza vizuri zaidi penye hewa kavu kama Dodoma kuliko kwenye unyevunyevu wa pwani. Kwenye friza usiweke kamwe. Insulini iliyoganda ni ya kutupa.

Insulini iliyoharibiwa na joto mara nyingi huonekana safi kabisa. Kwa hiyo sukari ikipanda bila sababu, muulize mgonjwa anakoihifadhi dawa kabla ya kumtuhumu chapati.