Breki ya Mkasi: Protini za Virusi na Lugha ya Kuzieleza

Makala haya yanakusudia kueleza jambo linaloonekana kuwa la wanabiolojia peke yao, lakini ambalo mwalimu wa Kiswahili wa Masafu au Tororo anaweza kuulizwa siku yoyote: protini za virusi zinazozuia mkasi wa kuhariri jeni, na namna zinavyoorodheshwa.

Tuanze na mkasi wenyewe. Bakteria nao huvamiwa na virusi. Baadhi yao huchukua kipande cha jeni za mvamizi na kukihifadhi katika jeni zao kama kumbukumbu. Kirusi cha aina hiyo kikirudi, nakala ya kipande hicho huiongoza protini ya kukata, kwa mfano Cas9, hadi mahali panapolingana, na kirusi hukatwa. Kinga hii huitwa krispa. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier, Jennifer Doudna na wenzao walionyesha kwamba mkasi huo unaweza kuelekezwa mahali anapopachagua mtafiti.

Virusi navyo havikulala. Mwaka 2013 Joseph Bondy-Denomy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walitangaza jeni za virusi zinazoizima kinga hiyo. Protini nyingine zikafuata kwa wingi, na mwaka 2018 watafiti wa fani hiyo wakachapisha pendekezo la orodha moja ya wazi, ili mgunduzi aangalie namba iliyofuata kabla ya kutoa jina.

Chukua jina AcrIIA4. Acr ni kizuizi cha krispa; IIA ni aina ya kinga inayozuiwa; 4 ni nafasi yake katika mfuatano wa majina ya kundi hilo. Wanafunzi wa isimu watakumbuka namba za ngeli: kwa kuwa wanaisimu walikubaliana namba, tunaweza kusema kitu cha Kiswahili na ekintu cha Luganda vyote ni ngeli ya 7, na tukaelewana. Ila tahadhari: ulinganisho huu una mpaka. Ngeli ya 7 ya lugha hizi mbili zina asili moja, lakini AcrIIA4 na AcrIIA5 si lazima ziwe ndugu; zinashiriki adui tu.

Haya yanahusuje Masafu? Hospitali ya Masafu ni mojawapo ya mahali ambapo watafiti wamekusanya damu ya wagonjwa wa malaria ili kupima usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa kuwa dawa huweza kushindwa, wapo wanaomwelekea mbu. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London waliwatia mbu wa Anofelesi gambie jeni iliyobeba mkasi, inayorithiwa na karibu watoto wote badala ya nusu. Mbu wa vizimbani wakaisha katika vizazi 7 hadi 11. Mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba mbu waliobeba AcrIIA4, wakichanganywa na hao, waliizuia jeni hiyo kuenea na mbu hawakuisha. Yote hayo yalifanyika vizimbani. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe, imeshiriki katika mradi wa Target Malaria unaochunguza njia hii.

Hapa ndipo kazi yetu ilipo. Mwananchi hawezi kukubali wala kukataa jambo asilolielewa. Kwa istilahi tunapendekeza kizuiamkasi, wingi vizuiamkasi, kwa kuwa linaeleza kazi na kiambishi ki- kimezoeleka kwa vifaa. Kwa mazungumzo ya baraza neno breki lingependeza zaidi, hasa katika eneo lililotupa neno bodaboda. Lakini breki hukanyagwa na dereva akaiachia apendapo. Breki hii ni mbu mwingine aliyebadilishwa jeni, ambaye itabidi naye aachiliwe, aruke, azaane na wenzake. Na yeye pia wananchi wana haki ya kuulizwa habari zake. Mwalimu akitumia neno breki, asiliache sharti hilo nje.