Kompyuta Saidizi na Macho ya Roboti

Mtu asimamaye kando ya barabara pale Kikuyu, Dodoma, lori linaporudi nyuma kuingia uani, huona kazi moja ikifanywa na watu wawili. Dereva ameshika usukani. Utingo yuko nyuma, anatazama na kupaza neno moja moja: twende, kata kulia, simama. Utingo hasimulii yote ayaonayo, wala yeye si dereva wa akiba.

Ndivyo zilivyo roboti nyingi za mashindano ya FIRST, yaliyoanza Marekani mwaka 1992. Kuanzia msimu wa 2015 usukani ulishikwa na kompyuta iitwayo roboRIO, ambayo kwa kawaida hurudia mzunguko wa kuongoza mota kila baada ya milisekunde 20. Sasa picha moja ya kamera, yenye nukta 640 kwa 480, ina nukta 307,200. Zikija picha 30 kwa sekunde, nukta zapita milioni 9. Kompyuta hiyo ikitwishwa na kazi ya kuzichambua, mzunguko wake huchelewa, na mwendo wa roboti huharibika. Kwa hiyo hufungwa kompyuta ya pili, mathalani Raspberry Pi, ambayo hutafuta alama za mraba, nyeusi kwa nyeupe, zilizoanza kuwekwa uwanjani mwaka 2023, kisha hupeleka tarakimu chache tu: pembe na umbali.

Kiswahili kiiteje kompyuta hii? "Kompyuta ya pili" humfanya msikilizaji adhani ni ya akiba, kama tairi. "Kompyuta mwenza" yanukia ukewenza: walio sawa, tena wenye kugombea. "Utingo" lingefaa kuliko yote, lau watu wasingaliibebesha kazi ile dharau. Bora "kompyuta saidizi", kwa kufuata kitenzi kisaidizi.

Na ulinganifu huo wa sarufi wafika mbali. Katika "alikuwa anacheza", kisaidizi ndicho kibebacho wakati uliopita. Ujumbe wa kompyuta saidizi nao haufai usipobeba wakati: uchambuzi wa picha ukichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, roboti iendayo mita 3 kwa sekunde imekwisha kusogea sentimita 30. Kompyuta kuu ikisoma "lengo liko kushoto", itakosea. Yapasa isome "lengo lilikuwa kushoto", pamoja na saa ya picha yenyewe, ndipo ihesabu mahali lilipo sasa.